Maneno Tuliyompa Orpa Abebe

Mkwe wangu Evariste alikuwa akipita nyuma ya nyumba. Mlango wa mbele hakuutumia, kwa sababu kwetu mwanaume hamtazami mama mkwe wake usoni. Hali chakula mbele yake, hampi mkono, halitaji jina lake. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini mpaka mwenzake apite. Jambo hilo tunaliita buko. Ni heshima na ni haya, na mimi hata leo sijui heshima inaishia wapi na haya inaanzia wapi.

Lakini wazee waliotuachia buko walikuwa watu wenye nafasi. Mkwe alikaa kijiji chake, mama mkwe chake. Hawakuifikiria nyumba yangu ya mtaa wa Kikula, yenye vyumba viwili na jiko la nje, wala hawakuufikiria mji wetu wa Likasi, Kongo, wa mwaka 1994, wakati mshahara ulikuwa neno tu na watu wazima walikuwa wakitembea mjini mchana bila kazi, mikono nyuma.

Evariste alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma kwenye karakana moja ndogo. Baada ya askari kupora mji, mwenye karakana alifunga mlango akaondoka, hakuonekana tena. Halafu Clotilde, binti yangu, mke wa Evariste, akaugua tumbo na akafa. Mwenye nyumba waliyopanga akawavumilia mwezi baada ya mwezi. Alikuwa mtu mwema, siwezi kumsema vibaya. Mwishowe naye alikuwa na watoto wa kulisha, akawaomba watoke. Ndipo Evariste akaja kwangu, godoro kichwani, mtoto wake Orpa amemshika mkono. Hakuweza kubisha hodi. Alisimama nyuma ya ukuta wa jiko akakohoa, akakohoa tena, mpaka nikaelewa kwamba hana pa kwenda.

Nilimpa kibanda kilichokuwa cha kuweka makala, yaani makaa ya kupikia. Orpa akalala kwangu ndani. Na tangu siku hiyo maneno yote kati yangu na Evariste yalipita kinywani mwa Orpa. "Orpa, mwambie papa yako chakula iko tayari." "Orpa, ambia kambo minashukuru." Kambo ni mimi, nyanya yake. Mtoto alikimbia toka mlango wa mbele mpaka nyuma, toka nyuma mpaka mbele, kama mhudumu wa posta.

Orpa asipokuwepo, tulisema na mbabula, lile jiko letu la makala.

"E mbabula," Evariste anasema akiwa nyuma ya ukuta, ameegemea kinga, baiskeli yake, "makala iko karibu kuisha. Kesho minaenda na kinga kutafuta ingine."

"Mbabula," nami najibu, "mwenye kwenda porini na baiskeli yake abebe viazi yenye niliweka kwa sahani."

Jirani yangu Émérence alikuwa akisikia hayo juu ya ua na kucheka mpaka anakaa chini. "Mama Clotilde, mbabula yako iko na masikio kupita mutoto yangu Divin!"

Siku moja akaongeza: "Weye uko na bahati, mama. Bamama wajane bote ba Kikula banapikia baridi. Weye unapikia bwana."

Nilimwambia anyamaze. Akaziba mdomo kwa kikwembe chake na mabega yakaendelea kutikisika. Sikukasirika sana, kwa sababu ni Émérence aliyemwosha Clotilde pamoja nami siku alipokufa, na ndiye aliyeshika kichwa. Kinywa chake kilikimbia tu kuliko yeye. Mwanawe Divin alikuwa amekaa pale mlangoni akimenya muwa. Alikuwa darasa moja na Orpa, darasa la sita, la mwisho katika shule ya msingi.

Orpa alikuwa mtoto wa masomo. Nasema hivyo mimi ambaye nilijifunza kusoma kwa wamisionari na sikufika mbali. Jioni alikuwa anaandika hesabu kwa kipande cha makala juu ya sakafu ya baraza, kisha anafuta kwa mguu, kisha anaandika nyingine. Clotilde aliwahi kuniambia: huyu atavuka. Basi kila asubuhi nilimwona akitoka na blauzi yake nyeupe na sketi ya bluu, nikasema moyoni, angalau hili moja linakwenda.

Siku moja akaniambia, "Kambo, Maître anaita mukubwa ya nyumba afike ku masomo, juu ya mtihani."

"Mwambie papa yako."

Baadaye nikamuuliza. "Papa alisha kwenda," akasema.

Vizuri. Baba amekwenda, mimi nifuate nini tena? Kipindi hicho pia chumvi ilirudi nyumbani. Tulikuwa tumekula bila chumvi muda mrefu, na siku hiyo Orpa akaja nayo imefungwa kwenye karatasi. "Papa alileta," akasema. Nikamtuma ampe baba yake shukrani zangu. Akaenda, akarudi na shukrani za baba. Nilidhani ananishukuru kwa kupika.

Kitu kilichonisumbua ni blauzi. Nilipoifua niliona nje ni safi, lakini ndani imejaa vumbi la kijivu, kwenye mishono yote. Nilikaa na ile blauzi mikononi nikaigeuza na kuigeuza. Mtoto anachafukaje kwa ndani?

Aliyenijibu ni Maître Firmin, mwalimu wake. Alikuja alasiri akikokota baiskeli iliyopasuka gurudumu, akaegemeza kwenye ua, akakaa kwenye kigoda nilichompa. Viatu vyake vilikuwa vimefungwa kwa waya. Mtu ambaye serikali imemsahau hivyo, na bado alivuka mji mzima kwa ajili ya mtoto mmoja. Nilimpa maji, akayanywa yote kwanza.

"Mama, nilifikiri mulihama," akasema. "Orpa haonekane ku masomo. Na directeur anafunga majina ya mtihani wiki hii."

"Haonekane? Anatoka hapa kila asubuhi, Maître. Na papa yake alikuja kwenu."

"Papa yake? Hapana, mama. Orpa aliniambia weye njo utakuja."

Tulitazamana. Nilianza kuhesabu ndani yangu maneno yote ambayo yule mtoto alikuwa ameyabeba toka mlango wa mbele mpaka nyuma, na ni mangapi yaliyokuwa ya kweli. Mimi sikuweza kumuuliza Evariste, Evariste hakuweza kuniuliza. Mtoto alijua hilo kuliko sisi.

"Iko wapi basi?" nikauliza.

"Banamuona ku barabara ya Kamatanda. Kwa bamama benye kuponda mawe."

Wale wanawake wanavunja mawe kwa nyundo, wanauza kokoto kwa wajenzi. Sasa vumbi nikalielewa. Alikuwa anageuza blauzi nje-ndani ili upande wa shule usichafuke.

"Lakini juu ya nini, Maître? Mulimufukuza?"

"Sikumufukuza. Akiwa ku masomo, anasaidia benzake, minapumuzika." Akainamisha kichwa, akasugua magoti. "Ni mambo ya batoto, mama. Minasikia haya kuisema."

"Sema tu. Mimi ni muzee."

"Banamuchekaka. Akisimama kujibu, banaimba. Banasema..." Akatazama baiskeli yake. "Banasema papa yake alioa mama mukwe yake."

Nilivuta kikwembe nikafunika miguu yangu, ingawa ilikuwa imefunikwa. Sijui kwa nini nilifanya hivyo. Nilijiona kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Maître alingoja mpaka pumzi yangu ikarudi, kisha akasema polepole, "Yeye njo mwanafunzi mwenye nguvu kupita bote, mama. Mumulete." Akaondoka akikokota baiskeli yake.

Orpa akarudi, blauzi nyeupe kabisa, viganja amevikunja.

"Fungua mikono," nikamwambia.

Akafungua. Sitaeleza nilichokiona. Nilileta mafuta kidogo yaliyobaki nikampaka, na yeye akaanza kulia kabla sijasema kitu.

"Divin alianza," akasema. "Kisha bote."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungemwambia papa."

"Mimi nasemaka na papa yako?"

"Ungemwambia mbabula."

Ningecheka kama ningeweza.

"Na papa akisikia, ataenda," Orpa akasema. "Ataenda Kakanda ku machimbo, sawa papa ya Elie. Papa ya Elie hakurudi tena. Kambo, masomo inaweza kubaki. Papa hapana."

Basi hivyo ndivyo mtoto wa umri ule alivyokuwa amepima mambo peke yake. Akisema, anampoteza baba. Akinyamaza, anapoteza mtihani. Akachagua kuvunja mawe, na mapato ya mawe akatununulia chumvi sisi wakubwa, akitugawia shukrani za uongo ili kila mmoja wetu ajisikie vizuri.

Kesho yake, mchana, Evariste alirudi kutoka porini na magunia ya makala juu ya baiskeli. Nilimtuma Orpa maji mbali, kwenye bomba la mtaa wa pili. Nikamsikia Evariste akikohoa nyuma ya jiko, kunijulisha yupo. Nikainuka, nikazunguka kona.

Aliona miguu yangu kwanza. Akageukia ukuta.

"Evariste," nikasema. Jina lake sikuwahi kulitamka akisikia.

"Mama, hapana. Orpa iko wapi? Mutume Orpa."

"Orpa nilimutuma mayi. Leo nasema mwenyewe."

Akajifunika uso kwa mikono miwili. Mimi pia nilitazama pembeni, kwenye magunia, kwa sababu ujasiri wangu haukutosha kwa yote. Na tukiwa hivyo, yeye anatazama ukuta na mimi natazama makala, nikamwambia kila kitu. Mawe, mtihani, wimbo wa watoto. Wimbo niliutamka mara moja tu, haraka, kama mtu anayetema mfupa.

Evariste alishusha mikono usoni. Kisha akaingia kibandani, akatoka na mfuko wake.

"Minaenda, mama. Ni minye njo haya yake."

"Ukienda batasema ni kweli. Batasema amegombana na bibi yake."

"Nikibaki banasema. Nikienda banasema. Nifanye nini sasa?" Alikuwa bado amenipa mgongo.

"Weka mufuko. Leo minakuingiza."

Hapo aligeuka kidogo, kwa mshangao. Kumwingiza mkwe ni sherehe kwetu. Miaka ikipita na mkwe akionyesha tabia njema, mama mkwe anapika kila chakula, anamwita pamoja na ndugu zake, anafunua sufuria moja moja na kumwambia: hiki kula, na hiki kula. Toka siku hiyo anakuwa kama mtoto wa nyumba. Anapita mlangoni, anakula mbele yako, na hakuna mtu wa kucheka. Evariste na Clotilde tulikuwa tunangoja wapate mbuzi wa sherehe hiyo. Halafu Clotilde akafa.

"Kuingiza?" akasema. "Clotilde haiko tena, mama. Bandugu yangu iko mbali. Mbuzi iko wapi?"

"Mbuzi haiko."

Nilijua kwamba mkwe aliyefiwa haingizwi. Nilijua pia kwamba kanisani kwangu, kwa watu wa maombi, wangesema ni mambo ya kipagani. Nilipika hata hivyo. Bukari, yaani ugali wa unga wa muhogo, na matembele, basi. Nikatandika mkeka mbele ya nyumba, juani, nikafungua lango la ua wazi ili mpita njia yeyote aone. Kisha nikamwita Émérence.

"Kuna nini, mama, ni ndoa?" akaja anacheka, Divin nyuma yake.

Nikamwambia ni nini. Nikamwambia pia kwa nini, na wimbo ulitoka wapi. Sikupaza sauti. Cheko lake lilikufa usoni. Alimtazama Divin, akanitazama mimi, akageuka akaenda kwake. Nilifikiri nimempoteza. Lakini alirudi na sahani ya samaki wadogo wakavu, mboga yake yote ya siku, nilimwona alipoinunua asubuhi. Akapiga magoti akaiweka kando ya sufuria zangu.

"Mama Clotilde," akasema chini, "sahani mbili haitoshe kuingiza mukwe." Kisha akamsukuma Divin shingoni. "Na weye! Kinywa sawa ya mama yako. Kwenda kumwita papa ya Orpa. Kwa heshima."

Divin akaenda nyuma ya nyumba. Tukangoja. Evariste akatokea kona, anatembea kama mtu anayekanyaga mayai, akakaa ukingoni mwa mkeka. Alikuwa amenawa uso, lakini makala yalibaki masikioni.

Nikafunua. "Hii ni bukari. Ulikatazwa kukula mbele yangu. Kula. Hii ni matembele. Kula. Hii ni samaki ya mama Émérence mwenye moyo muzuri. Kula."

Alimega tonge. Mchuzi ukamwagikia gotini. Watu wawili watatu walikuwa wamesimama langoni, na mmoja wao alicheka puani. Evariste akatafuna kama mwizi aliyekamatwa na chakula mdomoni. Haikuwa sherehe, sitasema uongo. Nilikuwa nimemwona mkwe wangu akila, na macho yangu yaliwaka kana kwamba nimechungulia mtu bafuni.

Ndipo Orpa akafika na ndoo kichwani. Akasimama, maji yakimchuruzika shingoni.

"Kambo, ulimwambia."

"Nilimwambia."

"Ataenda?"

Evariste hakuweza kusema, kinywa kilikuwa kimejaa. Akatikisa kichwa: hapana. Akameza. Kisha, kwa mara ya kwanza, akanisemesha mimi bila mtu kati yetu: "Mama, minashukuru kwa chumvi."

"Chumvi si yangu," nikasema. "Tazama mikono ya mutoto yako."

Akatazama. Hakula tena siku hiyo.

Asubuhi tulimpeleka shule sote wawili. Evariste alitaka kutembea mbali nyuma yetu. Nikasimama kila aliposimama, mpaka akasogea. Maître Firmin alitupokea mlangoni, akaliandika jina la Orpa, akasema "karibu" mara nyingi kuliko ilivyohitajika, ili tusisikie watoto waliokuwa wanazomea dirishani. Divin hakuzomea. Wengine waliendelea, siku hiyo na nyingine. Orpa alirudi nyumbani na macho mekundu, akaandika hesabu zake sakafuni, akafuta, akaandika. Nilimuuliza kama wameacha. "Bado," akasema. "Lakini sasa hainizuie kujibu."

Alifanya mtihani. Baadaye alisoma mbali, Lubumbashi, akawa mwalimu wa hesabu, na leo watoto wa watu wengine wanasimama mbele yake kujibu. Watu wananiuliza alivukaje. Mimi siku ninayoikumbuka ni ya matokeo, mwezi wa saba, baridi na vumbi, wazazi wote wamejaa uwanjani.

Directeur, mkuu wa shule, alisoma majina akianzia kwa walioshinda zaidi. Jina la Orpa lilitoka la kwanza kati ya wasichana. Akatoka mstarini, akasimama mbele peke yake.

"Bazazi yake bafike!" directeur akaita. Ilikuwa desturi: wazazi wanavuka uwanja, wanamchukua mtoto, watu wanapiga makofi.

Evariste na mimi tulikuwa tumesimama kwenye ukuta. Hatukusogea. Mahali fulani nyuma, watoto wakaanza ule wimbo, chini chini, na watu wazima wakaanza kuulizana ni wimbo gani. Nikaona masikio ya Evariste yakibadilika rangi. Mguu wake mmoja ulikuwa umeshageuka kuelekea lango. Miguu yangu mimi haikuwa na nguvu ya kwenda popote. Mama mkwe na mkwe, bega kwa bega, kama bibi na bwana harusi, mbele ya mji mzima!

Orpa alikuwa akitutazama. Alingoja. Halafu akapaza sauti, ile sauti ndogo iliyozoea kusema ya wengine, na uwanja wote ukamsikia:

"Papa! Mushike kambo mukono. Hawezi kutembea peke yake."

Wimbo ulikatika. Émérence akapiga kigelegele peke yake kabisa, kirefu, mpaka akakohoa. Evariste akanyoosha mkono wake bila kunitazama, akanishika kiwiko. Hakuwa amewahi kunigusa. Mkono wake ulikuwa baridi, na tukaanza kuvuka, vichwa vyetu chini, kuelekea pale alipokuwa amesimama.